Muuaji Usimtaje: Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kupendekeza Riwaya za Upelelezi

Dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga mjini, nyuma ya mashine ya fotokopi, nimeweka rafu ya vitabu vya kuazimisha. Theluthi mbili ni riwaya za upelelezi. Sikupanga iwe hivyo. Vya mapenzi vinaazimwa haraka na havirudi, vya dini vina wenyewe, vya shule watu wananunua. Vya upelelezi vinarudi, kwa sababu aliyekimaliza hana raha mpaka apate wa kubishana naye. Anasimama kaunta, anatazama mlangoni kama hakuna anayesikia, anashusha sauti: "Hivi wewe ulimjua tangu wapi?"

Sasa hapo nyuma yake kuna mtu anayesubiri kutoa kopi ya cheti, na huyo huyo ndiye aliyeweka oda ya kitabu hicho hicho. Kazi yangu yote iko hapo katikati: huyu ajibiwe, yule asisikie. Nimeifanya miaka kumi na moja, na nimekosea mara nyingi. Kama umeshasoma vitabu arobaini vya aina hii, ruka moja kwa moja hadi hatua ya tano, maana huko ndiko wasomaji wazoefu tunakoharibu zaidi.

Hatua ya kwanza: jua unaingia mchezo gani

"Upelelezi" ni jina la ukoo, na ukoo huo una watoto wasiofanana. Ukimpa mtu mtoto asiyemtaka, atauchukia ukoo mzima.

Mtoto wa kwanza ni fumbo. Huyu sisi tunamjua tangu utotoni, ila tulimwita kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Unahangaika, unashindwa, unaambiwa toa mji. Unatoa Pangani, anaukataa. Unatoa Tanga yote na bandari yake, anaupokea, anakufumbulia, na wewe unajipiga kofi la paji la uso kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho yako. Riwaya ya fumbo ni kitendawili cha kurasa mia na hamsini. Kila kitu unachohitaji umeshapewa, na sura ya mwisho ndipo unapotoa mji. Huko ughaibuni mchezo huu unahesabiwa kuanza na hadithi fupi ya Mmarekani Edgar Allan Poe ya mwaka 1841, kisha Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle akatokea 1887, halafu akaja Agatha Christie na riwaya zake 66 za upelelezi.

Kwetu baba wa mchezo ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, mwandishi wa habari aliyewahi kuhariri jarida la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 na ikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko na kuwaza, rafiki yake Najum yuko pembeni kuuliza yale ambayo wewe msomaji ungeuliza. Ukoo wa Holmes unauona waziwazi. Lakini mazungumzo, utani, watu wanavyokaribishana na kunyimana habari kwa adabu, hayo ni ya Unguja tupu, na ndiyo yanayonirudisha kwake kuliko hata fumbo lenyewe.

Mtoto wa pili ni mbio. Hapa huulizi sana nani kaua. Unauliza kama shujaa atatoka salama. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi wa serikali katika zama ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alimleta mpelelezi Joram Kiango, na mwenzake Nuru kando yake. Vitabu hivi vinasomwa kwa pupa, safari ya basi kutoka Tanga mpaka Dar inatosha, na mtu anashuka stendi ya Magufuli hajui hata alipita Segera saa ngapi.

Yupo wa tatu, kazi ya polisi: mahojiano, mafaili, simu, mguu huku na huku. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka 1965, ni mahali pazuri pa kuanzia. Na yupo wa nne, ambaye muuaji unamjua tangu ukurasa wa kwanza, na kinachokuweka macho ni kumtazama akijichimbia shimo mwenyewe. Wa nne huyu wasomaji wangu wengi hawampendi. "Sasa nisome nini kama nimeshaambiwa?" Siwalaumu, ila wakifika miaka arobaini wanarudi kumwomba.

Hatua ya pili: kipate kitabu, tena kizima

Anza na Maktaba ya Mkoa wa Tanga, jengo lililokuwa na jina la Mfalme George wa Sita enzi za mkoloni. Uanachama hauumizi mfuko, na vitabu vya zamani vya Kiswahili ambavyo dukani havipo tena unaweza kuvikuta pale vimetulia. Kisha kuna wauza vitabu vya mitumba, wanaotandika chini. Kisha kuna makabati ya wazee. Usiyadharau makabati ya wazee. Nusu ya rafu yangu imetoka kwenye nyumba ambazo watoto walikuwa wanataka kuvitupa.

Kwa kitabu cha mtumba cha upelelezi ukaguzi ni tofauti na wa kitabu kingine. Kitabu cha historia kikikosa karatasi mbili za mwisho, utaishi. Hiki hakikubali. Fanya hivi: fungua nyuma ukiwa umefinya macho, usisome neno, tazama tu kama aya ya mwisho inaishia katikati ya ukurasa na kubakiza nafasi nyeupe chini. Ikiwa maandishi yamejaa mpaka ukingoni na jalada linafuata hapo hapo, shuku. Njia salama zaidi ni kumpa muuzaji kazi hiyo: "Kaka, hebu niangalizie kama mwisho upo, ila usinisomee." Niliwahi kununua kumi kwa mpigo bila kukagua. Kimoja kilikuwa kimekatika kurasa nne za mwisho. Nitakirudia.

Kagua pia pembezoni mwa kurasa. Kuna watu, Mungu awasamehe, wanaosoma kitabu cha kuazima na kuandika kwa kalamu ya wino ukurasa wa kumi na mbili: "Huyu ndiye." Mmoja alinifanyia hivyo kwenye vitabu vitatu kabla sijamgundua, na nilimgundua kwa njia ya Bwana Msa mwenyewe: herufi yake ya "y" ilikuwa na mkia uleule kwenye daftari langu la kuazimisha. Leo vitabu vyote vikirudi navipekua mbele ya mwenyewe.

Wenye simu na Kiingereza cha kutosha wana bahati nyingine. Conan Doyle alifariki 1930, hakimiliki yake imekwisha, na hadithi zote za Holmes, riwaya nne na hadithi fupi 56, unazipata bure kihalali kwenye intaneti. Waandishi wetu hawajafika huko. Sheria ya Tanzania inalinda kazi mpaka miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Abdulla alifariki 1991, hesabu mwenyewe. Zile pidiefu zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni mali ya wizi, na inachekesha kidogo kwamba tunazifungua ili tufurahie mwizi akikamatwa.

Hatua ya tatu: kusoma mara ya kwanza

Chukua karatasi moja, ikunje iingie ndani ya kitabu. Itakuwa kikumbusho cha ukurasa na daftari lako la upelelezi kwa pamoja. Kila jina jipya likitokea, liandike, na mbele yake neno moja: "mpwa," "mpishi," "anadaiwa." Basi. Wanaoandika maelezo marefu huacha kitabu sura ya tatu. Karatasi hii inasaidia zaidi kwenye vitabu vya kigeni, ambako watu wanaitwa mara kwa jina la kwanza mara kwa la ukoo, na msomaji anadhani ni watu wawili.

Kwenye vitabu hivyo hivyo vya kigeni, geuza saa. Mwandishi wa Uingereza akisema mtu alionekana saa nane usiku, kwa saa zake, kwetu ni saa mbili, watu ndio kwanza wanakula. Kijana mmoja wa Makorora alikuja kunilalamikia kwamba mwandishi kadanganya, haiwezekani watu wote wawe macho saa nane za usiku. Alikuwa ameshamfunga mtu asiye na hatia kwa sababu ya saa.

Halafu soma ukijiuliza mambo matatu tu: nani alitajwa kabla maiti haijaonekana, nani anafaidika, na ni jambo gani limesemwa bila sababu. La tatu ndilo lenye mali. Mwandishi wa upelelezi hana nafasi ya kupamba ovyo. Akikuambia mlango ulipakwa rangi wiki iliyopita, rangi hiyo ina kazi. Shida ni kwamba anajua unajua, kwa hiyo dokezo la kweli analifunika kwa kicheko, au analiweka kwenye orodha ya vitu sita, au analitia kinywani mwa mtu ambaye hakuna anayemsikiliza: mtoto, mlevi, bibi wa jirani anayelalamika kila siku.

Nitoe mfano niliotunga mwenyewe, wa hapa hapa pwani, ili nisimharibie mtu kitabu. Sura ya kwanza kuna harusi. Mwandishi anasifia usiku ule, mwezi mpevu, watu wanacheza uwanjani bila taa. Kesho yake asubuhi, saa nne, tajiri wa nazi anakutwa amekufa ghalani. Kurasa themanini baadaye nahodha wa dau anahojiwa. Anasema: "Saa nne hiyo mimi ndio nilikuwa natia nanga, maji yamejaa mpaka ngazi ya juu, nikashuka kwa miguu mikavu." Polisi wanaandika, wanamwacha aende.

Msomaji wa Dodoma anageuza ukurasa. Mvuvi wa Sahare anaruka kitini. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makuu, na kwenye bamvua pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Saa nne asubuhi yamekupwa, dau limelala kwenye tope. Nahodha anasema uongo.

Hapo pana mambo mawili ya kujifunza. Kwanza, dokezo limekatwa vipande viwili vikawekwa mbali, mwezi huku na maji kule, na kila kipande peke yake hakina ubaya. Pili, haki. Kama mwandishi hakuweka popote, hata kwa sentensi moja, mtu anayetaja kawaida ya maji, basi kamdhulumu yule wa Dodoma. Kitabu kizuri kingemleta bibi mmoja sokoni akinung'unika kwamba samaki wa bamvua huwa wanachelewa mpaka jioni. Ungecheka, ungepita. Baadaye ungejilaumu.

Na hili la "kikulacho ki nguoni mwako," litumie kwa tahadhari. Msomaji mgeni humshuku adui wa marehemu. Msomaji wa mwaka mmoja humshuku rafiki. Mwandishi mzuri ameshawahesabu wote wawili.

Hatua ya nne: kusoma mara ya pili

Wengi hawafanyi, na ndiyo maana wengi wanapendekeza vibaya. Kukirudia kitabu cha upelelezi ukiwa na jibu mkononi ni kama kumtazama fundi wa mazingaombwe ukiwa umekaa nyuma yake. Si lazima kizima. Soma tena sura ya kwanza, sura ambayo muuaji anaingia, na kila mahali anapofungua mdomo.

Angalia ukurasa aliotajwa mara ya kwanza. Mwaka 1929 padre mmoja Mwingereza, Ronald Knox, naye mtunzi wa riwaya hizi, aliandika amri kumi za mchezo. Amri ya kwanza inadai mhalifu awe ametajwa mapema. Nyingine inakataza nguvu za miujiza, nyingine inaruhusu chumba cha siri kimoja tu, nyingine inataka msomaji aonyeshwe kila dokezo analoliona mpelelezi. Si sheria za Mungu, na waandishi wakubwa wamezivunja wakapeta. Mimi nazitumia kama mizani ya duka: kitabu kikivunja amri, kimevunja kwa faida gani?

Ya miujiza hasa inatuhusu. Sisi ni watu wa pwani, majini na mizimu si wageni, na nimeshaulizwa mara nyingi kwa nini jini lisiwe muuaji. Linaweza kuwa, lakini kwenye hadithi ya aina nyingine. Kwenye fumbo, jini ruhusa kutisha, kuua hapana, maana huwezi kulihoji lilikuwa wapi saa nne. Abdulla alilielewa hili vizuri. Aliweka mzimu kwenye jina la kitabu, akawaacha wahusika waogope kweli, halafu akamleta mtu mwenye kiko asiyeamini.

Kuna mazoezi mengine ya hatua hii yasiyohitaji kitabu. Nenda Mapango ya Amboni. Waongoza wageni watakusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950 na kujificha humo. Kisha rudi mjini umtafute mzee akusimulie habari hizohizo. Kwa mmoja ni mashujaa waliowaliza walowezi wa mkonge, kwa mwingine ni majambazi, na yale majabali hayajabadilika. Ukishasikia hivyo, utasoma kila riwaya ukijiuliza anayesimulia ni nani na amekaa upande gani wa pango.

Hatua ya tano: msome msomaji

Akija mtu akasema "nipe kitabu kizuri," usimpe unachokipenda. Muulize maswali. Nilianza na "unapenda waandishi gani," nikagundua linawatia watu aibu, wanahisi mtihani. Sasa nauliza hivi: "Filamu au hadithi gani mwisho wake ulikuudhi?" Mtu huficha anachokipenda, ila kilichomuudhi anakimwaga chote. Akisema aliudhika kwa sababu muuaji alitokea kusikojulikana, huyo ni mtu wa fumbo, mpe Bwana Msa. Akisema watu walikaa wakiongea tu, mpe Willy Gamba, aondoke. Akisema mwema alikufa, kuwa mwangalifu.

Uliza atasomea wapi. Nesi wa zamu ya usiku anakatizwa kila dakika kumi. Hadithi fupi za Holmes zinamfaa, moja inaisha kati ya magharibi na isha. Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria stendi ya Kange anataka sura fupi zinazoishia pabaya, shujaa kaachwa juu ya mti. Mama anayeuza maandazi asubuhi na kusoma mchana wakati watoto wamelala aliniambia hataki damu nyingi, "damu naiona buchani." Mwanafunzi wa sekondari anapata tabu na Kiswahili cha Abdulla, maneno mengine ya Unguja ya zamani hayajui. Simnyimi kitabu kwa sababu hiyo. Ninamwambia amsomee bibi yake kwa sauti. Mara mbili bibi ndiye aliyekuja kuazima kinachofuata.

Swali la mwisho silitamki, naliuliza kwa macho na kwa salamu. Habari za nyumbani? Hili nililijifunza vibaya. Jirani mmoja, shangazi yetu wa mtaa, alikuja kuomba kitabu cha kupitishia siku. Nilikuwa na haraka, kuna foleni ya kopi. Nikampa kimoja ninachokisifia kila siku, mume anawekewa sumu kwenye uji sura ya pili, kila mtu anamshuku mke. Sikukumbuka kwamba ndiyo kwanza ametoka eda, wala maneno ambayo mawifi walikuwa wamemsemea msibani. Alikirudisha siku ya tatu, kimefungwa kwenye khanga safi. "Ahsante mwanangu, kizuri." Hakuazima tena mwaka mzima. Hakunigombeza hata neno, na ningependa angenigomba.

Tangu hapo kwenye daftari langu, mbele ya kila kitabu, nimeandika mauti yake ni ya namna gani: sumu, moto, mtoto, kubakwa, ajali ya gari. Si kwa ajili ya kuonyesha watu. Ni kwa ajili yangu, ili foleni ikiwa ndefu nisitegemee kumbukumbu.

Hatua ya sita: kisifie bila kumwaga mtama

Penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Hilo kila mtu analijua, lakini watu wanadhani kumwaga mtama ni kutaja jina la muuaji tu. Jina ni gunia. Kuna punje nyingi zinazodondoka kabla yake.

"Mwisho wake hutaamini!" Umeshamwaga. Sasa atasoma akitafuta la kutoaminika, atamshuku kila mtu mpole, na atafika kabla yako. "Kinafanana kabisa na kile ulichosoma mwezi uliopita." Umemwaga, tena vibaya, maana cha mwezi uliopita anamjua nani alifanya. "Usimwamini daktari" ni mzaha, nawe unajua ni mzaha, daktari hana kosa. Lakini msomaji atamkodolea daktari macho mpaka sura ya kumi na dokezo la kweli litapita pembeni. Hata "vumilia mpaka katikati" kunamwambia katikati kuna kitu.

Mimi nasema vitu vitatu na kunyamaza. Mahali, tatizo la mwanzo, na ladha ya lugha. Tatizo la mwanzo maana yake ni lile lililomo ndani ya sura mbili za kwanza au nyuma ya jalada, zaidi ya hapo ni mtama. Mfano kwa Mzimu wa Watu wa Kale: "Ni Unguja ya zamani, kuna bwana tajiri kauawa na watu wanautaja mzimu, na maneno yake matamu, yasome taratibu." Kwa Kufa na Kupona: "Jasusi wa Kitanzania, miaka ya sabini, kinakimbia, usianze usiku kama una kazi asubuhi." Maneno kama ishirini. Mteja akibaki na swali, ndivyo inavyotakiwa.

Ukiulizwa moja kwa moja, "Je, mpishi ndiye?", uso wako ndio shahidi. Usikatae upesi, usicheke, usinyamaze ghafla. Jibu langu ni moja kwa kila jina, liwe sawa au si sawa: "Umefika ukurasa wa ngapi?" Akitaja ukurasa, namwambia, "Endelea." Binti mmoja wa Chuda alikuwa akinisoma nyusi. Nikaanza kumjibu nikiwa nimegeukia mashine.

Sema pia kasoro za kitabu. Watu wanakuamini zaidi kuliko ukisifia kila kitu. Riwaya nyingi pendwa za miaka ya sabini na themanini zinawachora wanawake kama mitego au mapambo. Mwanamke kijana anayesoma leo atalihisi. Afadhali alisikie kwangu kabla, achague mwenyewe.

Hatua ya saba: baraza la kusoma

Ukipata watu watano mnaweza kusoma pamoja. Zaidi ya wanane inakuwa mkutano. Sisi hukutana Jumamosi baada ya alasiri kwenye baraza jirani na duka, kahawa na kashata, kitabu kimoja kwa wiki tatu. Nakala hazitoshi, kwa hiyo mmoja husoma kwa sauti sehemu ngumu na zilizobaki tunapokezana katikati ya wiki.

Kikao cha kwanza ni mpaka maiti ionekane na washukiwa wote wawe wametajwa. Cha pili mpaka sura moja kabla ya mpelelezi kuwakusanya watu. Hapo tunafunga kitabu, na kila mmoja anaandika jina kwenye kipande cha karatasi na sababu moja, anakikunja, kinaingia kwenye kopo la majani ya chai. Asiye na jina anatoa mji, na mji lazima uwe wa kweli. Mombasa imeshatolewa mara nyingi mpaka tumeipiga marufuku. Cha tatu tunasoma mwisho, tunafungua kopo. Aliyepatia hapati kitu. Aliyepatia kwa sababu iliyo sahihi ndiye anayechagua kitabu kinachofuata, kwa kuwa kumpatia muuaji kwa bahati hata kuku anaweza.

Anayemwaga mtama ananunua kahawa ya wote, siku hiyo na inayofuata. Kwenye kundi la WhatsApp, kila ujumbe unaanza na namba ya sura, na asiyeifikia haufungui. Hilo la pili tumeshindwa kulisimamia, nakiri. Watu wanafungua.

Kile kitabu nilichosema kimekosa kurasa nne sikukitupa. Kipo rafuni, na ndani ya jalada nimebandika onyo kwa maandishi makubwa. Nilidhani hakuna atakayekigusa. Ndicho kinachoazimwa kuliko vyote mwaka huu. Anayekirudisha anaacha karatasi yenye mwisho wake alioutunga. Ninazo kumi na tisa kwenye bahasha, na kumi na moja zimemtaja mtu mmoja. Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka Pongwe alipita kutoa kopi, akakiona, akaniambia anacho kizima nyumbani, ataniletea. Nimemwomba asubiri mpaka baada ya Idi, na akija akifunge kwenye gazeti.